Mficha uchi hazai: tuwaambie vijana wetu ukweli kuhusu mimba



Dominika hii naomba tuzungumze jambo ambalo kanisani hutajwa kwa mafumbo na nyumbani halitajwi kabisa: namna mimba inavyoingia, na nini cha kufanya kwa kijana ambaye tendo limekwisha kufanyika na sasa anahesabu siku kwa vidole, peke yake, usiku. Najua wapo watakaolikunja gazeti ili watoto wasiuone ukurasa huu. Nawasihi wasilikunje. Wausome kwanza wao wenyewe, kisha wampe binti na kijana aliyekwisha kubalehe.

Katika semina za vijana na mafundisho ya Kipaimara huwa tunaweka boksi la maswali. Kijana anaandika bila jina, anakunja karatasi, anaitumbukiza. Maswali ya imani yamo. Lakini mengi yanahusu mwili. "Padri, ni kweli mara ya kwanza mimba haiingii?" "Ukijisafisha na maji ya chumvi papo hapo inatoka?" "Kama mvulana amemwaga nje?" "Kama mlikuwa mmesimama?" "Nilifanya juzi, jana nimepima, haipo. Nimepona?" Wanaouliza hayo ni vijana wetu wenyewe. Wanaimba kwaya, wanatumikia altare, na wengine baiolojia wanaifaulu vizuri darasani.

Nabii Hosea, katika sura ya 4, analia kwamba taifa la Mungu linaangamia kwa kukosa maarifa, na lawama anaielekeza kwa makuhani waliopaswa kuyatoa. Kwa hiyo neno hili linatuhusu sisi tulio altareni kabla ya kuwahusu walio kwenye mabenchi. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2022 uliona kwamba asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Katika utafiti wa 2015/16 walikuwa asilimia 27. Wamo humo walioolewa, na tumshukuru Mungu idadi imeshuka. Lakini bado ni zaidi ya mmoja kati ya watano. Hesabu mabinti watano waliokaa mbele yako leo kwenye Misa.

Mara moja tu

Anayesema kwamba mara moja haitoshi afungue Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 11. Mfalme Daudi anamwona Bathsheba akioga, anamtuma mtu amlete, analala naye. Mwandishi anaongeza neno dogo ambalo wengi hulipita: mwanamke huyo alikuwa amekwisha kujitakasa na unajisi wake. Wafafanuzi wengi hueleza kwamba ni utakaso wa baada ya hedhi. Sheria ya Walawi sura ya 15 ilihesabu siku saba tangu damu inapoanza. Bathsheba basi alikuwa ametoka tu kwenye siku zake, na alikuwa akiingia katika siku ambazo mwili wa mwanamke hujiandaa kupokea uhai. Maandiko yanataja kukutana mara moja. Kisha unakuja ujumbe mfupi kuliko yote aliyowahi kupokea mfalme yule, kwamba yeye ni mjamzito.

Nimeona nieleze hesabu hiyo kwa Kiswahili cha wazi, kwa sababu ndiyo inayopotoshwa zaidi mitaani. Mwezi wa mwanamke huanza kuhesabiwa siku ya kwanza ya hedhi. Miaka ya 1920, daktari Kyusaku Ogino wa Japani na mwenzake Hermann Knaus wa Austria, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba yai hupevuka na kutoka takribani siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Likishatoka huishi saa 12 hadi 24 tu. Lakini mbegu za mwanamume zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku tano, zikilisubiri yai. Ndiyo maana siku za hatari ni kama sita: tano kabla ya yai kutoka, na ile ya kutoka kwenyewe.

Kwa mwenye mzunguko wa siku 28 usioyumba, hizo ni kama siku ya 9 hadi ya 14. Lakini ni wangapi wana mzunguko usioyumba? Mwenye mzunguko wa siku 22, yai lake linaweza kutoka siku ya 8. Akikutana na mwanamume siku ya 5, pengine damu haijakauka, mbegu zitalikuta yai. Hivyo hata "nilikuwa kwenye siku zangu" si ngome. Na mabinti wadogo ndio walio hatarini zaidi, maana miaka ya mwanzo baada ya kuvunja ungo mzunguko huruka huku na huku. Yai la kwanza linaweza hata kutoka kabla ya hedhi ya kwanza, kwa hiyo binti ambaye hajawahi kuona damu anaweza kupata mimba.

Mengine niyajibu kwa mkato. Kusimama hakuzuii, mbegu huogelea. Kuoga, kukojoa, kuruka kamba, kunywa soda au maji ya chumvi hakuzuii, kwa sababu mbegu huingia kwenye shingo ya kizazi ndani ya dakika chache, ambako maji hayafiki. Kumwaga nje hakuaminiki, kwani mbegu zinaweza kutangulia kabla mwanamume hajajua. Na mama anayenyonyesha hana kinga ya kudumu. Kinga hiyo ipo pale tu mtoto hajatimiza miezi sita, ananyonya maziwa ya mama peke yake usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, asijidanganye.

Kuponea si kinga

Hapa niseme jambo linalowapotosha hata watu wazima. Si kila tendo huzaa mimba. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1995, uliowafuatilia wanawake 221 waliokuwa wakitafuta mtoto, ulionyesha kwamba hata katika zile siku sita uwezekano huanzia kama asilimia 10 na kufika kama asilimia 33 siku yai linapotoka. Wenye ndoa wanaosubiri mtoto kwa machozi wanaijua subira hiyo.

Sasa tazama ukweli huo unavyogeuka kuwa mtego. Kijana anakutana na mwenzake mara ya kwanza, hakuna kitu. Mara ya pili, hakuna. Hapo anaanza kuamini kwamba amegundua njia: ni kule kujisafisha, au ni ile siku aliyoichagua, au ni dua. Wengine huhitimisha kwamba wao ni tasa, wakaacha hata ile hofu ndogo iliyokuwa inawazuia. Kumbe ilikuwa kuponea tu. Mtu anayevuka barabara kuu amefumba macho akafika ng'ambo mara tatu hajajifunza kuvuka. Kwa wanawake 100 wanaoishi na wanaume bila kuzuia chochote, kama 85 watakuwa wameshika mimba mwaka mmoja ukiisha.

Wapo watakaoniuliza: je, Kanisa halifundishi kuhesabu siku? Linafundisha, na ninajivunia hilo. Papa Paulo wa Sita, katika waraka wake Humanae Vitae wa mwaka 1968, aliwaruhusu wenye ndoa, wakiwa na sababu za haki, kuzifuata nyakati ambazo Muumba amezipanga katika mwili. Daktari John Billings wa Melbourne, Australia, na mkewe Evelyn, ambaye naye alikuwa daktari, walitumia maisha yao kuwafundisha akina mama kuzitambua siku zao kwa kuuangalia ute. Lakini njia hiyo inadai miezi ya kujifunza, daftari la kila siku, na watu wawili waliokubaliana na kuvumiliana. Ni njia ya mume na mke. Zile "siku salama" ambazo kijana wa kidato cha tatu ameambiwa na rafiki yake chini ya mwembe si njia ya asili. Ni kamari.

Ikiwa limekwisha kutokea

Ndugu kijana, ikiwa unasoma haya na roho inakudunda kwa sababu ya juzi au wiki iliyopita, nakuomba ukae, tuongee.

La kwanza, usibaki peke yako. Mtafute mtu mzima mmoja unayemwamini: mama, shangazi, mwalimu wa malezi, sista, katekista, muuguzi. Kitubio kipo na mlango wake haufungwi. Lakini padri katika kiti cha kitubio hapimi damu. Unahitaji vyote viwili.

La pili, kama ulilazimishwa, hukutenda dhambi, umetendewa. Usioge, usifue nguo ulizokuwa umevaa. Nenda hospitali leo hii, na kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Mwambie daktari pia hofu yako ya mimba. Maaskofu Katoliki wa Marekani, na wa Ujerumani mwaka 2013, wamefundisha kwamba aliyebakwa anaweza kupewa dawa ya kuzuia mimba isitungwe, mradi si ya kuuondoa uhai uliokwisha kuanza. Hata kama hukulazimishwa, suala la maambukizi linakuhusu vilevile, na saa ni hizo hizo 72. Watu huogopa mimba kwa sababu itaonekana, wakasahau ugonjwa kwa sababu hauonekani.

La tatu, fahamu kipimo kinasema kweli lini. Mimba haionekani kesho yake. Yai lililorutubishwa husafiri siku kadhaa kabla ya kujishikiza kwenye mji wa mimba, na hapo ndipo mwili huanza kutoa ile homoni inayosomwa kwenye mkojo. Kipimo cha siku mbili baada ya tendo hakikuambii lolote, hata kama kimeonyesha mstari mmoja. Subiri hedhi ipite siku yake. Kama hedhi yako haina siku maalumu, pima baada ya siku 21 tangu tendo. Na ukiona damu kidogo isiyo ya kawaida, usishangilie. Pima.

La nne, kaa mbali na vikombe vya vichochoroni. Wapo wanaowanywesha mabinti majivu, bluu ya kufulia, mizizi, na vidonge visivyojulikana vimetoka wapi. Kanisa linafundisha kwamba uhai ni mtakatifu tangu kutungwa kwake, na siwezi kulisema hilo kwa sauti ya chini. Lakini tuseme pia kwamba vikombe hivyo huua wawili: mtoto na mama yake. Mapadri tunaitwa kwenye misiba ya namna hiyo, ambako ukoo mzima unasema binti alifariki kwa malaria.

Kuhusu vidonge vya dharura vinavyouzwa maduka ya dawa, msimamo wa Kanisa juu ya uzuiaji mimba mnaujua, sikuja kuugeuza. Naongeza tu ukweli wa kitabibu ambao muuzaji huwa hausemi: kazi yake kubwa ni kuchelewesha yai lisitoke. Yai likiwa limekwisha kutoka, hakuna kikubwa kinachozuiwa. Havilindi tendo la kesho, na havizuii ugonjwa hata mmoja.

La tano, kama mimba ipo, wahi kliniki kabla ya wiki 12. Duniani kote, matatizo ya ujauzito na uzazi ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wasichana wa miaka 15 hadi 19, na kifafa cha mimba huwapata zaidi walio wadogo. Mara nyingi kinachowaua si ile mimba bali kule kuificha. Na usiamini kwamba masomo yamekwisha. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu ya ujauzito kurudi katika mfumo rasmi baada ya kujifungua. Mzazi, mpeleke binti yako akarudi.

Na yule kijana je?

Habari ya kuficha inaturudisha kwa Daudi. Alipopata ujumbe, hakuuliza Bathsheba anaendeleaje. Alimwita Uria kutoka vitani ili alale nyumbani na mimba ipate baba. Uria akalala mlangoni pa mfalme. Daudi akamlevya, naye bado hakwenda. Mwisho akamwandikia Yoabu barua ya kumweka Uria mahali pa vita kali, na barua ile akambebesha Uria mwenyewe. Dhambi ya usiku mmoja ikazaa mauaji, na kiungo kati yake ni kuficha.

Katika parokia zetu mara nyingi yanayofanyika ni haya: binti anavuliwa sare ya kwaya, tumbo lake linajadiliwa jumuiyani, baba yake anamfukuza nyumbani. Kijana aliyempa mimba Dominika inayofuata yupo palepale, anapiga kinanda. Sheria ya nchi imekwisha kusema kwamba anayempa mwanafunzi mimba anaweza kwenda jela miaka 30. Lakini hofu ya jela imewafundisha wengi kutoroka, haijawafundisha kuwa baba. Yuda, mwana wa Yakobo, aliposikia mkwewe Tamari ana mimba aliamuru achomwe moto. Tamari akatoa muhuri, kamba na fimbo: mwenye vitu hivi ndiye mwenye mimba. Yuda akakiri mbele ya watu kwamba Tamari ana haki kuliko yeye. Natamani siku moja nimwone kijana wa parokia akisimama mbele ya wazee wa pande zote mbili akasema neno hilo. Wazazi wa watoto wa kiume, mnamfundisha nani kulisema?

"Padri, unawafungulia mlango"

Pingamizi hili nalisikia kila mara, na limesemwa na watu wema. Nalijibu kwa swali: mlango unafunguliwa na nini? Sikiliza maneno ambayo binti huambiwa ili akubali. "Mara ya kwanza haiingii." "Nitamwaga nje." "Leo ni siku salama." Uongo ndio ufunguo. Binti anayejua kwamba hayo yote si kweli ana jibu mdomoni, na jibu hilo linaulinda usafi wa moyo kuliko kiboko. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu la mwaka 1965, ulitaka watoto wapewe elimu ya jinsia yenye busara kadiri wanavyokua. Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, akalirudia kwa uwazi. Si jambo la kuletwa na wazungu wa mashirika. Ni agizo letu wenyewe tuliloliacha kabatini.

Na wala si geni kwa mababu zetu. Binti alikuwa na somo au kungwi, alikuwa na bibi na shangazi, na mvulana alikuwa na jando. Si yote yaliyofanyika huko ni ya kurudisha, lakini hakuna aliyeachwa ajitafutie. Leo shangazi yuko Mwanza, bibi yuko kijijini, mama anatoka kazini saa mbili usiku, na simu iko kitandani mwa mtoto ikimfundisha isivyo. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu hautozi ada mwanzoni.

Kwa hiyo naomba mambo matatu katika kila parokia. Mafundisho ya Kipaimara yawe na siku moja ya muuguzi kutoka zahanati, aeleze mwili wa binti na wa kijana, wote wakiwemo, katekista akiwa pembeni. WAWATA wachague akina mama wawili kila kigango wawe masomo wa mabinti, na UWAKA wachague wanaume wawili kwa ajili ya wavulana. Na jumuiya ndogo ndogo ziache kabisa kujadili tumbo la mtu kabla hazijajadili nani atampeleka kliniki. Mtoto akizaliwa, aletwe abatizwe. Kadinali Bergoglio, mwaka 2012 akiwa bado Askofu Mkuu wa Buenos Aires, aliwakemea vikali mapadri waliokataa kuwabatiza watoto wa mama wasio na ndoa. Mbele ya Mungu hakuna mwana wa haramu.

Wakati wa Noeli husomwa ukoo wa Bwana wetu katika sura ya kwanza ya Mathayo, majina marefu ambayo wasomaji wengi huyakimbiza. Siku hiyo tega sikio. Tamari amo. Na yule aliyekuwa mke wa Uria amo. Wanawake wawili waliopata mimba kwa aibu, mmoja akiponea chupuchupu kuchomwa moto, Mungu hakuwafuta katika orodha ya ukoo wa Mwanae. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mwinjili alituonyesha ukoo wa Mwokozi bila kuficha kitu, nasi tunaona haya kumweleza mtoto wetu siku sita za mwezi.

Leo baada ya Misa, mzazi, anza. Maneno yakikukwama, mpe tu gazeti hili, kisha ukae naye mpaka alimalize.

Nawatakia Dominika njema. Tumsifu Yesu Kristo.